Mkono Unaoisikiliza Ateri

Mpimaji presha aliyekomaa utamjua kwa jambo asilolifanya. Mgonjwa akiingia, haurukii mkono wake. Siku ya kliniki ya presha pale Busia, watu hufika wakiwa bado na safari mwilini. Huyu ameshuka bodaboda kutoka Nambale, yule amevuka kwa miguu kutoka upande wa Uganda na kifurushi kichwani, na wa tatu ni dereva wa trela aliyelala kwenye foleni ya Malaba akaamshwa kwa kelele kabla ya alfajiri. Muuguzi ninayemfikiria ninapoandika haya ni mama wa makamo ambaye hata wazee waliomzidi umri humwita Sista. Humwelekeza kila mmoja kwenye kiti chenye egemeo. "Kaa hapo kwanza, baba. Miguu yote chini, usiikunje. Tutaongea baadaye." Kisha anarudi kwenye kadi za wengine kana kwamba amemsahau.

Zile dakika tano za kungoja ni sehemu ya kipimo, na ndiyo sehemu ya kwanza kuachwa pindi foleni inapokuwa ndefu. Kipimo cha presha hufundishwa wiki za mwanzo za chuo cha uuguzi, na kwa sababu hiyo wengi hukiona ni kitu kidogo. Mimi nimekuja kukiona kuwa kazi ya mkono yenye heshima sawa na ya seremala anayepinda mbao bila kuivunja. Kadiri ninavyosoma kuhusu ukuta wa ateri, ndivyo ninavyoelewa kwa nini Sista hana haraka.

Chombo chenyewe kina asili inayoifaa Busia. Huu ndio mji ambao katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, na bodaboda ikapata jina. Mwaka 1896, mjini Turin nchini Italia, daktari Scipione Riva-Rocci aliunganisha zebaki, kichupa cha wino, kijibomba cha shaba na tyubu ya baiskeli, akaizungusha tyubu hiyo mkononi mwa mgonjwa na kuijaza upepo. Alipapasa mapigo ya kiwiko cha mkono, yaani pale juu ya kiganja, akasoma kimo cha zebaki pale mapigo yalipopotea. Basi akawa amepata namba ya juu. Tyubu yake ilikuwa na upana wa sentimita 5 tu, ikiuma nyama na kutoa namba kubwa kuliko ukweli, hadi Mjerumani Heinrich von Recklinghausen alipoipanua mwaka 1901. Fundi yeyote wa baiskeli wa stendi ya Busia angekielewa kile kifaa kwa kukitazama mara moja.

Namba ya chini ilingoja masikio. Nikolai Korotkoff, daktari mpasuaji Mrusi, alikuwa amewatibu majeruhi wa vita kati ya Urusi na Japani, na alizoea kusikiliza mishipa iliyojeruhiwa ili ajue kama kiungo kitaishi baada ya mshipa kufungwa. Mwaka 1905, mjini St Petersburg, alitoa taarifa fupi isiyofika hata ukurasa mmoja: weka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda wa Riva-Rocci, achia upepo taratibu, sikiliza. Dunia nzima bado inafuata aya ile.

Ateri iliyo wazi haina kelele. Weka stethoskopu kwenye kunjo la ndani ya mkono wa mtu mzima na hutasikia kitu. Ibane kabisa, bado kimya. Sauti huzaliwa katikati, pale ambapo mkanda unaubana mshipa kiasi cha kufunguka kwa nguvu moyo unapopiga na kujifunga tena moyo unapotulia. Gongo la kwanza ndiyo namba ya juu, na mahali gongo linapozimika ndiyo ya chini. Kwa hiyo mpimaji anauudhi mshipa kidogo ili useme, na ustadi wote uko katika kipimo cha udhia huo.

Mtazame Sista anavyofanya. Mkanda unafungwa juu ya ngozi tupu, wala si juu ya sweta, na ukingo wake wa chini unakaa vidole viwili juu ya kunjo la mkono. Mkono unalazwa mezani, usawa wa moyo, kwa sababu kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, zebaki hupanda milimita 7 au 8 ambazo si za mgonjwa ila ni uzito wa damu tu. Mara ya kwanza hasikilizi kitu. Anapapasa mapigo, anajaza upepo hadi yapotee, anaikumbuka ile namba, anaachia upepo wote. Baada ya kitambo anajaza tena, milimita 30 juu ya pale, na sasa ndipo stethoskopu inapoingia masikioni.

Kwa nini mara mbili? Kwa wagonjwa wengine, hasa wazee wenye presha ya juu, sauti huanza, hukatika kwa muda, kisha hurudi. Anayejaza upepo hadi 160 kwa mazoea huenda akaanzia ndani ya ukimya huo na kuandika 150 kwa mtu mwenye 190. Mzee anarudi Matayos akiwa ameambiwa hali si mbaya. Vidole vilivyopapasa kwanza haviwezi kudanganywa hivyo.

Halafu kuachia upepo: milimita 2 kwa sekunde, kwa kidole gumba na cha shahada kwenye kiskurubu cha vali. Kutoka 180 hadi 60 ni dakika nzima. Jaribu kuikaa dakika hiyo bila kuharakisha, huku benchi zima likikutazama na mtoto wa mtu akilia. Ukiachia kwa pupa, gongo la kwanza litapita katikati ya mapigo mawili na hutalisikia. Mwisho kabisa ni uaminifu wa kuandika 146 ikiwa ni 146. Mkono wa binadamu hupenda sifuri. Daftari ambalo kila mtu ana 120 kwa 80 linaeleza habari za mwandishi wake kuliko za wagonjwa. Tatizo hili lilimsumbua sana Geoffrey Rose, mtaalamu wa magonjwa ya jamii wa London, hata mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kifaa kinachomficha mpimaji namba hadi kipimo kiishe. Jina hilo litarudi, na litarudi kwenye ukanda wetu wa ziwa.

Sasa turudi kwenye zile dakika tano. Dereva aliyefika akiwa amegombana na watu wa foleni ana adrenalini na nduguye noradrenalini katika damu na kwenye ncha za neva. Ukuta wa ateri una vipokezi, protini ndogo zilizopachikwa kwenye utando wa seli, kila aina ikishika molekuli za umbo lake tu. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipanga majibu ya mishipa kwa kemikali hizi na kupendekeza kwamba kuna vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Pendekezo hilo lilidharauliwa kwa miaka, hadi James Black alipolitumia kutengeneza propranololi. Vipokezi vya alfa vilivyo kwenye misuli laini ya mishipa ya ngozi na ya utumbo huamuru kubana. Vipokezi vya beta vya aina ya pili, vilivyo vingi katika mishipa ya misuli ya miguu na mikono, huamuru kulegea. Adrenalini ni ileile. Mtu anapokimbia, kemikali moja inaufunga mlango wa tumbo na kuufungua wa mapaja kwa wakati mmoja, na tofauti yote iko kwa anayepokea.

Na tofauti ndogo ya upana si ndogo. Mtiririko katika bomba jembamba hufuata nusu-kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Vijiateri vikitanuka kwa asilimia 19 tu, damu inayopita huwa maradufu. Vikisinyaa kwa asilimia 16, inabaki nusu. Ndiyo maana sigara, chai kali, kibofu kilichojaa, au hata mazungumzo wakati wa kipimo huonekana kwenye zebaki. Sista anaposema "tutaongea baadaye," anavipa vipokezi vya alfa muda wa kuachia vilichokishika.

Hadi miaka ya 1970 wataalamu waliamini kwamba maamuzi haya yote ni ya misuli, na kwamba utando wa ndani kabisa wa mshipa, safu moja tu ya seli inayogusana na damu, ni kitambaa cha kuzuia msuguano. Waliamini hivyo kwa sababu mikono yao ilikuwa inauangamiza.

Robert Furchgott alikuwa fundi mashuhuri wa ateri huko Brooklyn, New York. Alichukua aota ya sungura, akaikata mzunguko mzunguko kama utepe, akauning'iniza katika chombo chenye maji ya chumvi ya nyuzi 37 yanayopulizwa oksijeni, na kuufunga kwenye kipimo cha mvuto. Tangu 1953 alikuwa ameandika kwamba asetilikolini hubana utepe huo. Hilo lilikuwa kitendawili, maana ukimpa mnyama hai kemikali hiyohiyo, mishipa hulegea na presha hushuka. Robo karne kitendawili kikakaa. Mwaka 1978 msaidizi wake wa maabara, David Davidson, akitumia pete nzima za aota badala ya utepe, alikosea mpangilio: alitia kabakoli, dawa ya jamii ya asetilikolini, kabla ya kuosha dawa iliyotangulia. Pete ikalegea. Furchgott hakulipuuza jambo hilo. Alichunguza tofauti ya matayarisho, akagundua kwamba katika kukata utepe, upande wa ndani ulikuwa ukisuguliwa na vyombo na vidole. Pete iliyosuguliwa kidogo tu kwa ndani ilikataa kulegea. Iliyoguswa kwa upole ililegea kila mara.

Kisha akafanya jaribio ambalo, kwangu mimi, ndilo zuri kuliko yote katika hadithi hii. Alichukua utepe uliopoteza utando, ambao peke yake haulegei, akauambatanisha na kipande chenye utando, uso kwa uso. Alipotia asetilikolini, ule uliokuwa kiziwi ukalegea. Maana yake ni kwamba utando ulikuwa ukitoa kitu kinachosafiri hadi kwa jirani. Yeye na John Zawadzki walichapisha habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1980. Kitu chenyewe kilitambuliwa miaka michache baadaye kuwa nitriki oksaidi, gesi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake ya Nobel, Furchgott alimtaja Davidson kwa jina na kosa lake. Si kila mkubwa wa maabara angefanya hivyo.

Mnyororo wenyewe unastahili kutazamwa kiungo kwa kiungo. Asetilikolini inakaa kwenye kipokezi chake juu ya seli ya utando. Ndani ya seli hiyo kalsiamu inapanda. Kalsiamu inakiamsha kimeng'enya kinachochukua asidi ya amino iitwayo aginini na kuitoa nitriki oksaidi. Gesi haihitaji mlango. Inapenya hadi kwenye msuli laini wa jirani na kuamsha kimeng'enya kingine, kinachotengeneza molekuli inayoitwa saikliki GMP. Hiyo nayo inashusha kalsiamu ya msuli, na msuli unaachia. Tazama ajabu iliyojificha hapo: kalsiamu ikipanda katika seli ya utando, ateri hulegea, na kalsiamu hiyohiyo ikipanda katika seli ya msuli, unene wa nywele tu mbali na hapo, ateri hubana. Gesi yenyewe hudumu sekunde chache, kwa hiyo amri hutolewa upya bila kukoma.

Damu inayopita pia huusukuma utando, nao huhisi msukumo huo bila kemikali yoyote. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake huko London walionyesha njia ya kuliona jambo hili kwa mtu mzima bila kumchoma sindano: funga mkanda mkononi kwa dakika kama tano, uachie ghafla, na utazame ateri kwa mashine ya picha za mawimbi ya sauti. Damu iliyozuiliwa inarudi kwa kasi, utando unaisikia, na ateri yenye upana wa milimita 4 hivi inatanuka kwa asilimia kadhaa. Ya mvutaji sigara hutanuka kidogo au haitanuki. Mkanda ule wa tyubu ya baiskeli kumbe ulikuwa na swali la pili ndani yake, na ulikaa nalo karibu karne nzima.

Kanda ya ziwa ina nafasi yake katika elimu hii, nafasi ambayo wenyeji wengi hawaijui. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, alichapisha katika Lancet vipimo vya wanaume wapatao elfu moja na kuonyesha kwamba presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Mwaka 1990 ukafuata utafiti uliowahusu Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Neil Poulter alikuwa kiongozi, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Geoffrey Rose yule wa kuficha namba. Ndani ya miezi ya mwanzo tu mjini, presha ya wahamiaji ilipita ya waliobaki. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu pungufu, na mioyo yao ilikwenda mbio zaidi. Jambo ninalolipenda katika utafiti huu ni kwamba usingewezekana bila mikono. Tofauti ya milimita chache kati ya kijiji na jiji ingemezwa yote na mpimaji mmoja anayependa sifuri.

Sitaki kuufanya mwambao huo kuwa bustani iliyopotea, maana bustani hiyo ina mbu. Watafiti waliofanya kazi na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walionyesha mwaka 1996 kwamba watoto wenye malaria kali walitengeneza nitriki oksaidi kidogo kuliko wenye malaria nyepesi, na mwaka 2003 kwamba wenye malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa aginini, ile malighafi yenyewe. Juu ya hayo, chembe nyekundu zinapopasuka humwaga hemoglobini, nayo huinyakua gesi kabla haijaufikia msuli. Busia ni nchi ya malaria, na mtoto wa Bunyala na nyanya yake mwenye presha wanaumizwa mahali pamoja, kwenye ukuta mmoja. Hata mboga zina neno hapa: mchicha, ambao Wakenya wengi huuita terere, una naitreti nyingi ambazo bakteria wa ulimini huzigeuza, na mwili ukazimalizia kuwa gesi hiyohiyo. Lile jivu la maganda ya maharagwe ambalo akina mama wa Kiluhya hulichuja kulainishia mrenda lina potasiamu, wakati magadi ya dukani yana sodiamu. Sisemi kwamba hilo ndilo lililotenganisha kijiji na Nairobi. Ila mpishi anayechuja jivu kwa subira simwoni kuwa mjinga.

Namba ikiwa juu siku mbili tofauti, dawa huandikwa, na mara nyingi ni amlodipini. Hiyo haigusi vipokezi. Inaziba milango ya kalsiamu kwenye msuli laini. Jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019 na kuzihusisha Kenya na Uganda miongoni mwa nchi sita za Afrika, lilionyesha kwamba miseto miwili yenye amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko mseto usio nayo. Wagonjwa hulalamika miguu inavimba. "Sista, hii dawa inanijaza maji." Kwa kweli vijiateri vimelegea huku vena zikibaki zilivyo, shinikizo linafika kwenye mishipa midogo kabisa, na maji yanachuja kwenda vifundoni. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo mara nyingi hurudi kujadili dawa badala ya kuiacha kimyakimya.

Zebaki inaondoka, na ni vizuri iondoke. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitaka utengenezaji na biashara ya vifaa vya aina hiyo vikome kufikia 2020. Septemba 2023 serikali ya Kenya iligawa mabegi kwa wahamasishaji afya ya jamii wapatao laki moja, na ndani yake mlikuwa na mashine ya presha ya betri. Katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2015 uliwakuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja, hiyo ni hatua kubwa. Mashine haisikilizi sauti. Inahisi mtetemo wa upepo ndani ya mkanda na kukokotoa. Moyo ukipiga bila mpangilio, hesabu yake huyumba, na ndipo Sista anapoitwa na stethoskopu yake.

Mashine haiwezi pia kujichagulia mkanda. Wavuvi wa Osieko, kule ziwani, hukokota nyavu tangu utotoni, na mkono wa mvuvi huwa mnene kwa msuli. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 lilionyesha kwamba mkanda wa kawaida kwenye mkono unaohitaji mkanda mkubwa huongeza takriban milimita 5 za uongo, na kwenye mkono unaohitaji ule mkubwa zaidi, karibu 20. Kosa la tyubu ya Riva-Rocci bado linaishi, sasa likiwa na kioo cha namba. Sista anao mkanda mpana mmoja, anaufungia kabatini, na mvuvi akiingia huusogeza mkono wake kwenye mwanga, akauzungushia kipimo cha fundi cherehani kabla ya jambo lingine lolote. Sentimita 36. Anafungua kabati.